Kuziona setilaiti kwa darubini ya uani: mwongozo kwa sisi tunaoishi karibu na ikweta

Setilaiti haina taa ya kukuangazia. Unachokiona ni mwanga wa jua unaopiga mwili na paneli zake, wakati wewe huku chini jua limeshakuchwa. Ukilishika hilo, ratiba ya kazi nzima inajipanga yenyewe.

Huku kwetu jua huzama wima. Halijikokoti pembeni ya upeo kama Ulaya wakati wa kiangazi, ambako setilaiti huonekana hata usiku wa manane. Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, ISS, kinapokuwa utosini kinaendelea kupigwa na jua mpaka jua liwe limeshuka kama digrii 20 chini ya upeo, na hapa kwetu hilo hutimia dakika 80 hadi 90 baada ya machweo. Kwa hiyo jua likizama saa kumi na mbili na nusu, muda wako wa kazi ni kuanzia saa moja jioni hadi karibu saa mbili. Anayeswali ataukumbuka kirahisi: ni kati ya Magharibi na Isha. Alfajiri muda unaofaa ni kuanzia kama saa kumi na moja hadi kupambazuke.

Muda huo ni mfupi, nakubali, lakini ikweta inatufidia kwa mambo mawili ambayo mtu wa London hawezi kuyapata akiwa kwake: Hubble, ile darubini inayozunguka dunia angani, inapita juu ya vichwa vyetu, na ule ukanda wa setilaiti za televisheni uko karibu na utosi. Tutaanza na ISS kwa sababu ndiyo inayofundisha mkono, kisha twende huko.

Vifaa

Darubini inayofaa zaidi ni ya kioo, kipenyo cha sentimita 15 hadi 20, ya mtindo wa Dobson, yaani bomba linalokaa juu ya kitako cha mbao na kusukumwa kwa mkono. Mota nyingi za bei ya kawaida zimetengenezwa kufuata nyota, na nyota huenda polepole mno ukilinganisha na kitu kinachozunguka dunia nzima kwa dakika 92 au 93. Mkono uliozoea ni bora. Ukikuta boksi linalojisifu kwamba darubini ya kioo cha sentimita sita au saba inakuza mara 500 na zaidi, liache dukani. Kioo kidogo hivyo hakikusanyi mwanga wa kutosha kwa ukuzaji huo, na miguu ya darubini hizo hutikisika ukiigusa tu.

Uwe na lenzi mbili za jicho: moja ya milimita 25 hadi 32 inayoonyesha eneo pana, nyingine ya milimita 10 hadi 15. Ukuzaji unaupata kwa kugawanya urefu wa fokasi wa darubini (umbali kutoka kwenye kioo hadi pale mwanga unapokutana) kwa ule wa lenzi. Darubini ya milimita 1200 na lenzi ya milimita 25 inakuza mara 48, na duara unaloliona lina upana wa kama digrii moja.

Chukua pia darubini ya macho mawili, 7x50 au 10x50 (namba ya kwanza ni ukuzaji, ya pili ni kipenyo cha lenzi za mbele kwa milimita), na tochi uliyoifunga plastiki nyekundu ili macho yasipoteze uzoefu wa giza. Tafuta kiti. Anayekaa pwani awe na kitambaa cha kufunikia bomba mara anapomaliza, maana umande na hewa ya chumvi hula kioo taratibu bila mwenyewe kugundua.

Kupata ratiba

Tovuti ya Heavens-Above na programu ya Stellarium zinatosha, na ni za bure. Weka mahali ulipo hasa, kwa latitudo na longitudo, usichague tu jina la mji mkuu. Kisha hakikisha saa imewekwa kwenye saa za Afrika Mashariki. Ratiba ikiwa kwa saa za dunia (UTC) itakuwa nyuma ya saa yako kwa saa tatu, nawe utatoka uani saa tatu kabla kituo hakijafika. Programu ikikuandikia 19:14, hiyo ni saa moja na dakika kumi na nne jioni.

Hesabu za njia ya setilaiti huchakaa. Hewa nyembamba iliyobaki kule juu huipunguzia mwendo, na ISS husukumwa juu mara kwa mara kwa injini, kwa hiyo data ya wiki mbili zilizopita inaweza kukosea kwa sekunde nyingi. Kwa macho matupu si kitu, kwa darubini ni kukosa kabisa. Sasisha data siku hiyohiyo unayotaka kuangalia. Stellarium huichukua yenyewe kutoka CelesTrak, tovuti ya data za setilaiti, mradi una intaneti.

Katika ratiba soma mambo matatu. La kwanza ni saa na upande inakotokea. Kwa kuwa njia ya ISS imeinama digrii 51.6 kutoka ikweta, kwetu hupita ama kutoka kusini-magharibi kwenda kaskazini-mashariki, ama kutoka kaskazini-magharibi kwenda kusini-mashariki. La pili ni kimo chake cha juu kabisa. Ngumi moja mkono ukiwa umenyooshwa ni kama digrii 10, kwa hiyo digrii 50 ni ngumi tano kutoka kwenye upeo. La tatu, ambalo wengi hulipita, ni mahali inapoingia kwenye kivuli cha dunia. Jioni huanza upande wa magharibi iking'aa, na mara nyingi huzimika kabla haijafika chini upande wa mashariki. Alfajiri ni kinyume chake: huchomoza ghafla kutoka gizani ikiwa tayari iko juu.

Mara za mwanzo acha darubini ndani

Toka uani uiangalie kwa macho tu. ISS ikipita vizuri hung'aa kuliko nyota yoyote, karibu na Zuhura, haiwakiwaki, haina taa nyekundu wala ya kijani, wala haitoi sauti. Kinachopepesa taa ni ndege. Pita moja huonekana kwa dakika chache tu, sita hivi. Usiku mwingine ifuate kwa darubini ya macho mawili kuanzia inapotokea hadi inapozimika. Hapo shingo na mabega yako yanajifunza ule mwendo, na mwendo ndio ugumu wote wa kazi hii.

Siku ya kutumia darubini

Chagua pita inayofika kati ya digrii 40 na 65. Wengi huisubiri ile ya utosini kwa kudhani ndiyo bora kwa kuwa kituo kiko karibu zaidi. Ndiyo, kiko karibu zaidi, kilomita 420 hivi, lakini hapo hukimbia kwa digrii moja kila sekunde, na darubini ya Dobson ikielekezwa utosini haigeuki kwa urahisi: inabidi uzungushe kitako kizima nusu duara wakati kitu kinakuacha. Kwenye digrii 50 umbali ni kama kilomita 540 na kasi imepungua kidogo. Kwenye digrii 30 ni kilomita 770 hivi, na kasi ni zaidi kidogo ya nusu digrii kwa sekunde. Mimi huchagua 50.

Toa darubini nje nusu saa kabla ili kioo kipoe kilingane na hewa. Hata hivyo usiielekeze magharibi wala usichungulie mpaka jua liwe limezama lote. Jua kupitia darubini huharibu jicho mara moja na kwa kudumu, na mtoto aliye uani hajui hilo, kwa hiyo kifuniko kikae mdomoni mwa bomba hadi machweo.

Sasa linganisha darubini ndogo ya kulengea na ile kubwa. Elekeza kwenye nyota angavu au kwenye sayari, ilete katikati ya duara la lenzi, kisha kaza skrubu za ile ndogo mpaka nyota hiyohiyo ikae katikati ya msalaba wake. Fanya hivyo kwa lenzi ya milimita 25, halafu hakikisha tena kwa ile ya milimita 10. Hatua hii usiiharakishe. Darubini ndogo iliyopotoka kwa nusu digrii itakuonyesha ISS katikati ya msalaba huku ndani ya lenzi kubwa hamna kitu.

Weka fokasi kwa kutumia nyota hiyo hiyo, mpaka iwe nukta kali kabisa, kisha usiguse tena. Kituo kikishafika hutapata nafasi ya kurekebisha. Legeza pia mikazo ya kitako ili bomba lisogee kwa kidole lakini lisidondoke lenyewe.

Kufukuza

Rudisha lenzi ya milimita 25. Kaa upande ambao mwendo utakuja kwako, si upande utakaokulazimu kuruka kitako katikati ya pita. Kituo kikitokea, kifuate kwa ile darubini ndogo tu, jicho moja msalabani na jingine likiwa wazi. Usijaribu kuhamia lenzi kubwa mapema, kikiwa bado chini na mbali. Subiri kifike digrii 30 na zaidi.

Kisha fanya kama mrusha manati: lenga mbele ya ndege. Sukuma bomba litangulie kidogo, simama, hamia kwenye lenzi kubwa, uache kituo kiingie chenyewe. Kitakatiza duara kwa sekunde moja au mbili. Kikitoka, rudi kwenye msalaba, tangulia tena. Katika pita moja unaweza kurudia hivyo mara kadhaa, na kila mara macho yanashika kitu kipya. Ukishazoea, utaweza kusukuma bomba kwa kasi ileile kituo kikiwa ndani ya duara, na hapo ndipo raha ilipo.

Utaona nini? Kituo kina urefu wa mita 109. Ukikuza mara 40 kikiwa karibu na utosi, upana wake jichoni unafikia ule wa mwezi unaouona kwa macho matupu. Katikati kuna mwili mweupe mkali, na pande zote mbili paneli za jua zenye rangi ya dhahabu iliyofifia, zikionekana wazi kwamba ni vitu tofauti na mwili. Pembe ya paneli hubadilika kadiri kinavyokupita, mara zinang'aa, mara zinafifia. Watu wamekuwa wakiishi humo mfululizo tangu Novemba 2000. Waite watoto na majirani, ila waelekeze kwanza kutazama kwa macho. Asiyezoea kuchungulia hataona kitu kwa sekunde mbili, atasononeka bure.

Kituo cha Wachina, Tiangong, ambacho sehemu yake ya kwanza ilirushwa Aprili 2021, kinafukuzwa kwa njia ileile. Ni kidogo kuliko ISS, na njia yake imeinama kama digrii 41.5.

Hubble na wengine

Mwinamo wa njia ndio unaoamua nani ataiona setilaiti. Hubble ilirushwa Aprili 1990 kutoka Florida, na njia yake imeinama digrii 28.5 tu, kwa hiyo kwa watu wa Ulaya kaskazini haitokei juu ya upeo. Kwetu hupita juu, kutoka upande wa magharibi kwenda mashariki, ikiwa na mng'ao wa nyota ya kawaida ya mjini, ile unayoiona hata palipo na taa za barabarani. Ina urefu wa mita 13 hivi na iko kama kilomita 500 juu, kwa hiyo hata ukikuza mara 100 utaona nukta iliyorefuka kidogo na si zaidi. Mimi huitafuta vilevile, kwa kuwa picha nyingi za magalaksi zilizomo kwenye vitabu vya shule zimepigwa na nukta ile.

Mfano wa mwinamo ulio karibu zaidi na nyumbani ni Uhuru, setilaiti iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Ilikuwa ya kwanza duniani kutengenezwa mahususi kwa kuchunguza miale ya X kutoka angani, na njia yake ilishikilia ikweta kwa tofauti ya kama digrii tatu. Ilianguka mwaka 1979. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa Aprili 2023, usihangaike nayo: kiboksi cha sentimita 30 hakionekani kwa darubini ya uani.

Miili ya roketi iliyoachwa angani, kwa upande mwingine, ni mawindo mazuri. Heavens-Above huiandika kwa neno la roketi baada ya jina. Mingi inapinduka hovyo, kwa hiyo hung'aa na kufifia kwa mpigo. Hesabu sekunde kati ya mng'ao mmoja na unaofuata na utakuwa umepima kasi ya kupinduka kwake. Ikiwa kwenye kilomita 800 hivi huenda polepole kuliko ISS, jambo linaloifanya iwe mazoezi mazuri.

Starlink utaziona utake usitake. Zikiwa zimerushwa siku chache tu hupita kwa msururu, na hilo linafaa kutazamwa kwa macho bila darubini. Zikishapanda kwenye njia zao za kudumu huzidi kufifia na kutawanyika. Zichuje kwenye ratiba, la sivyo zitaijaza, nawe hutaona kilichomo.

Ukanda uliosimama

Hapa ndipo ikweta inapotulipa. Setilaiti za televisheni ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, na huko mzunguko mmoja huchukua saa 23 na dakika 56, sawa na dunia inavyojizungusha. Kwa hiyo kwetu zimesimama. Tazama sahani za DStv mitaani Nairobi na Dar es Salaam: zimeinua uso karibu moja kwa moja juu, kwa sababu zinatafuta setilaiti za Eutelsat zilizo kwenye longitudo ya digrii 36 mashariki, longitudo inayopita jirani na Nairobi. Za Azam zimeinamia magharibi kwa sababu zinatafuta digrii 7 mashariki.

Kumbe unaweza kuziona. Unahitaji kioo cha sentimita 20, au 15 ukiwa mahali penye giza la kweli, usiku usio na mwezi, na subira. Mng'ao wake kwa kawaida ni wa daraja la 10 hadi 13 (namba ikiwa kubwa, mwanga ni hafifu zaidi), mbali sana chini ya uwezo wa macho matupu. Saa za kazi hapa si zile za jioni. Kule juu kivuli cha dunia ni chembamba, kwa hiyo zinapigwa na jua karibu usiku kucha, na hung'aa zaidi kadiri saa sita usiku inavyokaribia, jua likiwa nyuma ya migongo yetu.

Ukiwa Kampala, ukanda huu uko chini ya nusu digrii kutoka utosini. Nairobi uko digrii 1.5 kaskazini ya utosi, Mwanza 3, Mombasa karibu 5, Zanzibar zaidi kidogo ya 7, Dar es Salaam 8. Kuupata kwa uhakika tumia nyota. Mwezi Februari, mnamo saa tatu usiku, zile nyota tatu za mkanda wa Jabari (Orion) huwa karibu na utosi. Ile ya kaskazini-magharibi ni Mintaka, ambayo iko karibu kabisa na ikweta ya anga, yaani mstari wa angani ulio sambamba na ikweta ya dunia. Ilete Mintaka katikati ya duara, kisha sogeza bomba kuelekea kaskazini: nusu digrii ukiwa Nairobi, digrii moja ukiwa Mombasa, moja na nusu ukiwa Dar. Katikati ya Oktoba, saa hiyohiyo, nyota ya Sadalmelik kwenye kundi la Ndoo (Aquarius) inafanya kazi ileile, na vipimo ni vilevile.

Halafu toa mkono. Kama darubini ina mota, izime. Nyota zote zitaanza kuhamia magharibi, zikivuka duara la digrii moja kwa dakika nne. Tafuta nukta isiyohama. Usiikodolee moja kwa moja. Tazama pembeni yake kidogo, maana pembe ya jicho ni kali zaidi gizani. Usipoona kitu kwa dakika mbili, sogeza bomba nusu duara mashariki au magharibi kwa kufuata mstari uleule, usubiri tena. Nukta iliyobaki palepale wakati nyota zinaipita si nyota.

Kutoka Dar, kwenye mstari wa kaskazini hasa, zipo Hellas Sat kwenye digrii 39 mashariki, nazo ni zaidi ya moja katika nafasi hiyo, kwa hiyo ukiona nukta mbili jirani zimesimama pamoja, hujakosea. Eutelsat za digrii 36 ziko kama digrii nne magharibi ya hapo. Aliye Nairobi ataziona karibu na utosi kabisa, na ile shida ya Dobson kutogeuka utosini haimhusu, kwa kuwa hakuna cha kufukuza.

Kuanzia mwisho wa Februari hadi katikati ya Aprili, na tena mwisho wa Agosti hadi katikati ya Oktoba, setilaiti hizi huingia kwenye kivuli cha dunia kila usiku, zilizo juu yetu zikifanya hivyo karibu na saa sita. Masika huharibu nyingi za Machi na Aprili, kwa hiyo lenga Septemba. Nukta hung'aa kuliko kawaida muda mfupi kabla, kisha hufifia na kupotea ndani ya kama dakika mbili. Karibu na tarehe ya usiku na mchana kulingana hukaa gizani hadi dakika 70. Andika saa ya kupotea kwa sekunde, na ulinganishe na Stellarium.

Picha

Simu inatosha. Nunua kishikizo cha kufungia simu kwenye lenzi ya jicho, usishike kwa mkono. Kwa ISS rekodi video, punguza mwanga na uweke kasi ya picha 1/1000 ya sekunde au zaidi, kisha baadaye chambua fremu moja moja. Katika mamia ya fremu chache zitakuwa kali. Kwa ukanda uliosimama ni kinyume: acha kamera iliyofungwa kwenye darubini wazi kwa sekunde 30 au zaidi, nyota zitakuwa mistari na setilaiti zitabaki nukta.

Ukitaka kupiga ISS ikikatiza mbele ya mwezi, kuna tovuti zinazopiga hesabu ya wapi usimame. Njia hiyo ni nyembamba, kilomita chache tu, hivyo huenda ikabidi usafiri hadi mtaa wa pili au kijiji cha jirani. Mbele ya jua pia hutokea, ila kwa hilo lazima uwe na kichujio cha jua kilichothibitishwa, kilichofungwa mdomoni mwa bomba na si kwenye lenzi ya jicho. Kama huna, baki na mwezi. Kukatiza kote kwa kawaida huisha ndani ya sekunde moja hivi, kwa hiyo anza kurekodi nusu dakika kabla na usimamishe nusu dakika baada ya saa iliyotajwa.